Mchanga wa Kukaanga

Miguu yangu ilikuwa na maji. Sijui niseme vipi tena. Watoto wengine hutokwa na jasho usoni wakikimbia; mimi nilitokwa na jasho kwenye nyayo, hata nikiwa nimekaa kitako, hata asubuhi za Julai pale Nakuru baridi inapouma masikio. Nikitembea juu ya saruji ya darasani niliacha alama za vidole vitano na kisigino toka mlangoni mpaka kwenye deski langu. Mwalimu hakuhitaji kuuliza ni nani aliyekuja kuchungulia daftari lake wakati wa mapumziko.

Viatu hatukuwa navyo, kwa hiyo hapakuwa na pa kuuficha ugonjwa huo, kama ni ugonjwa. Wenzangu waliniita Mrenda, kwa jina la ile mboga ya kwetu inayoteleza. Nilicheka nao, maana ukinuna jina linakuganda. Hata hivyo liliniganda.

Tuliishi katika landhi, yaani zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa kila familia na bomba moja kwa watu wote. Wazazi wangu walitoka magharibi, kama majirani zetu wengi. Shule ilikuwa ng'ambo ya reli, na mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo alikuwa amerudi kutoka vitani Burma akiwa na filimbi, kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na imani kwamba mtoto yeyote anaweza kunyooshwa. Alitufundisha kupinduka, kuruka farasi wa mbao na kutembea kwa mikono. Lakini fahari yake ilikuwa mnara. Wavulana sita walisimama chini wameshikana mabega, watatu wakapanda juu yao, na juu ya mabega ya yule wa katikati akapanda mmoja peke yake, akanyoosha mikono kama msalaba huku mwalimu akihesabu mpaka kumi.

Mvulana aliyekuwa akisimama pale juu kabla yangu alikuwa mwepesi na asiyejua woga. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Asubuhi moja watu wa kabila lake walipakiwa kwenye malori na kupelekwa walikoambiwa ndiko kwao, yeye na mama yake wakiwamo, na deski lake likabaki tupu. Hatukuzungumza sana juu yake. Watu wazima walikuwa wametufundisha kutozungumza. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akaona mimi ndiye mdogo kuliko wote, akaninyooshea filimbi. Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi yangu, na mpaka leo siwezi kuikumbuka kwa furaha tupu.

Lakini niliitaka. Ningedanganya nikisema sikuitaka. Mtoto wa landhi asiyejua kucheza mpira na ambaye hesabu zake ni za kukisia haambiwi kila siku kwamba kuna mahali duniani ambapo ni yeye tu anayefaa.

Yule wa katikati, ambaye mabega yake yalikuwa ngazi yangu ya mwisho, alikuwa kijana wa Kuresoi aliyeletwa mjini kukaa kwa mjomba wake ili asome. Alikuwa amekulia kwenye mashamba ya viazi, akibeba magunia tangu utotoni, na mabega yake yalikuwa mapana kama ya mtu mzima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza nilipompanda nilihisi nyayo zangu zikiogelea juu ya ngozi yake, nikamsikia akisema taratibu, "Miguu yako iko na maji."

"Najua," nikamwambia.

"Basi panda pole pole."

Siku ya michezo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa muhula. Wazazi wangealikwa, na wakubwa wa reli wangekaa kwenye viti chini ya turubai. Nilikuwa na wiki tatu za kukausha miguu. Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema nipake majivu. Nilipaka, yakawa uji. Mwingine alisema nisinywe maji tangu asubuhi. Nilikaa na kiu mpaka kichwa kikauma, na miguu ikaendelea kutoa maji sijui ilikoyatoa. Mwalimu aliniambia niache woga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kadiri nilivyoogopa kuteleza ndivyo nilivyotoka jasho, na kadiri nilivyotoka jasho ndivyo nilivyoogopa.

Halafu nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Wakati wa kiangazi upepo ukivuma kutoka ziwani, Nakuru yote huingiwa na vumbi jeupe, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ugali, kwenye kope. Nilifikiri hakuna kitu kikavu duniani kuliko vumbi hilo. Jumapili moja baada ya kanisa nilishuka mpaka ufukweni, nikabandua yale magamba meupe ya magadi, nikayasaga kwa jiwe mpaka yakawa laini kama unga wa ngano, nikarudi na kitambaa kimejaa.

Jumatatu niliyapaka kwa wingi. Kwa dakika mbili nyayo zangu zilikuwa kavu kama karatasi na nilijiona mtaalamu. Nilipanda kwenye migongo ya wale sita, nikapanda mabegani mwa kijana wa Kuresoi, nikasimama, nikanyoosha mikono. Mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne jasho likakutana na magadi, na chini ya miguu yangu kukawa na sabuni. Sikuteleza kidogo kidogo kama siku nyingine. Niliondoka tu. Goti langu likampiga kijana wa Kuresoi kidevuni, akauma ulimi, na mnara wote ukaporomoka juu ya godoro la mkonge.

Alitema damu. Hakunitukana. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeumwa na mbuzi wake mwenyewe, na mshangao ule uliniuma kuliko tusi.

Mwalimu alipuliza filimbi ingawa hakuna aliyekuwa akifanya lolote la kusimamishwa. "Wewe utashika bendera pembeni," akaniambia. "Nitachukua mtoto wa darasa la chini."

Jioni nyayo ziliwaka moto, nyekundu na zenye malengelenge. Mama alinikuta nimezitumbukiza kwenye karai la maji. Nilipomwambia nilichofanya alishika kiuno, halafu akashindwa kujizuia.

"Mtoto wangu! Kila Jumanne nikipika mrenda, unaniona natia nini kwenye chungu?"

"Magadi."

"Natia ya nini?"

Nilizitazama nyayo zangu karaini. Alikuwa akitia ili mboga ilainike na iteleze vizuri kooni. Nilikuwa nimeila mboga hiyo maisha yangu yote, jina lake nimeitwa mwaka mzima, na bado nilikwenda kuchota kwa mikono yangu kile kile kinachoitelezesha. Mama alicheka mpaka akaketi, kisha akanipaka mafuta ya ng'ombe kwenye nyayo huku akizipa pole kana kwamba ni watoto wawili tofauti na mimi. Baba aliporudi kazini alimwambia yote.

Hapa lazima niseme habari za baba, na hapa ndipo penye aibu yangu ya kweli. Baba alifanya kazi kwenye banda la injini za reli, mahali tulipopaita loko. Hakuwa dereva wala mtia moto, na wala hakuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kukausha mchanga. Alikuwa na tanuri la chuma, na kutwa nzima aliumwaga mchanga humo, akaukoroga kwa sepetu, akauchekecha, akaujaza kwenye ndoo za kupeleka kwenye injini. Watoto wa landhi waliijua kazi hiyo, na waliiita kukaanga mchanga. "Fulani anakaanga njugu, baba yake fulani anakaanga mchanga." Kwa hiyo nilipohamia shule ile, ambako wengi hawakukaa landhi yetu, niliulizwa baba yangu hufanya kazi gani, nikasema ni dereva wa gari moshi. Nilisema mara moja tu. Mara moja inatosha. Baada ya hapo uongo hujilisha wenyewe. Niliulizwa kuhusu breki, kuhusu Kampala, kuhusu twiga aliyegongwa, na nilijibu yote.

Baba hakunicheka kama mama. Alivua buti zake, akazimwagia ndani mchanga wa moto aliokuja nao kwenye kopo, kama alivyofanya kila jioni. Nilikuwa nimeona jambo hilo maisha yangu yote nikadhani ni uchafu wa kazini tu.

"Unajua kwa nini naweka hii?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

Akanyoosha mguu wake kwenye mwanga wa taa ya chemni. Unyayo ulikuwa unang'aa kwa maji. "Hii miguu hukuokota barabarani," akasema. "Nilikupa mimi. Pole."

Baba hakuwa mtu wa kusema pole ovyo. Nilitaka kulia, na sikujua nalilia nini hasa.

Jumatano mchana, saa ya chakula, aliniingiza loko kwa geti la pembeni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona tanuri lake. Joto lilinipiga usoni, na mchanga uliokuwa ukimiminika kwenye chekeche ulitoa mlio kama mvua ya mbali. Alinionyesha injini kubwa iliyokuwa ikingoja kupanda kwenda Mau, na mbele ya gurudumu lake bomba dogo lililoelekezwa kwenye reli.

"Gurudumu ni chuma, reli ni chuma," alisema. "Mvua ikinyesha huko juu Molo, injini inazunguka tu hapo hapo, inalia, haiendi. Nguvu iko nayo, lakini haina mahali ya kushika. Dereva anavuta mkono wa chuma, mchanga unatoka kwa hii bomba, unaingia chini ya gurudumu. Inashika. Lakini lazima ikuwe kavu kabisa. Ikiwa na maji kidogo tu inaganda kwa bomba, na mabehewa yote yanarudi nyuma."

Kisha akanisimamisha juu ya kipande cha reli kuukuu kilicholala uani. Nyayo zilikuwa zimeloa kama kawaida, na chuma kilikuwa kimesuguliwa kikawa kama kioo. Nilisimama kwa kuyumba, nikateleza. Akachota kwenye kopo mchanga laini kabisa, ule unaopita chekeche la mwisho, akanipaka nyayo zote mbili, akazikung'uta ubaki ule ulioshika tu. "Panda tena." Nilipanda. Alinisukuma begani. Alinisukuma tena kwa nguvu zaidi. Nilibaki pale pale.

Njiani kurudi shuleni nilihisi nimepewa dunia nzima, mpaka nilipofika kwenye lango nikakumbuka. Mtu atauliza mchanga huu umetoka wapi.

Nilimwendea kijana wa Kuresoi. Ulimi wake ulikuwa bado umevimba na alikuwa akila uji tu. Nilimwambia nimepata kitu cha kukausha miguu, ila sikusema nimekipata wapi. Alifikiri, akaenda mwenyewe kwa mwalimu, na nilimsikia akisema kwa taabu, "Mimi nataka yeye." Mwalimu alimwuliza kama wazimu umempanda. Akarudia, "Nataka yeye. Huyo wa darasa la chini anatetemeka." Mwishowe mwalimu alikubali tujaribu Jumamosi asubuhi kabla ya wageni kufika. Nikisimama mpaka kumi, nafasi ni yangu. Nisiposimama, nachukua bendera.

Ijumaa mvua ilinyesha mpaka jioni, na baba alisema mchanga wa jana haufai hali ya hewa ikiwa hivyo, kwa kuwa hunyonya unyevu. Angekausha mwingine Jumamosi asubuhi hiyo hiyo na kuniletea ungali moto. Nilimwambia asisumbuke, ningeupitia mwenyewe. Alinitazama, akasema, "Nitaleta."

Jumamosi nilisimama uwanjani na wenzangu, kifua wazi, kaptura nyeupe, na macho yangu yote yalikuwa kwenye ua wa miti ulioizunguka shule. Nilimwona akija. Kwanza sikumtambua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kopo alikuwa amelificha ndani ya kikapu cha mama kilichofunikwa kwa kitambaa. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, akaniita kwa mkono, nikakimbia kwake.

"Chukua," akasema kwa sauti ya chini. "Wakiuliza, sema ulipewa na dereva. Mimi nitaangalia kutoka hapa."

Nilishika kikapu. Kilikuwa na joto. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye ua. Kumbe alijua. Alijua tangu lini, sikuthubutu kuuliza. Alikuwa amevaa koti la kanisani ili asinitie aibu, na alikuwa tayari kuutazama mnara wetu kupitia matawi ili uongo wangu usianguke. Nimefanya mambo mengi mabaya maishani, na hakuna lililonichoma kama lile, kwa sababu hilo nilikuwa nimelifanya kwa mtu aliyekuwa akinisaidia kulificha.

"Nani huyo?" mwalimu aliita kutoka uwanjani. "Wageni bado!"

Nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ni baba yangu, mwalimu. Ndiye anayekausha mchanga wa gari moshi. Ameniletea wa miguu."

Wenzangu waligeuka kunitazama. Kisha mmoja akaguna, "Si ulisema ni dereva?"

"Nilidanganya."

Wawili watatu walicheka. Kijana wa Kuresoi hakucheka. "Mjomba wangu anafanya na yeye huko loko," alisema. "Mimi nilijua kutoka zamani." Akainama kufunga kamba ya kaptura yake, kana kwamba habari yenyewe haikuwa na uzito. Mwaka mzima alikuwa akinisikiliza nikisimulia twiga na Kampala, na kila jioni akirudi kulala nyumba moja na mtu aliyefanya kazi na baba. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwalimu alimtazama baba, halafu akatazama kikapu. "Ingia, mzee," akasema. "Mchanga ni wa nini?"

Baba aliingia. Alivua koti, akalitundika kwenye farasi wa mbao, akapiga goti moja kwenye nyasi zilizoloa. Akanipaka nyayo kwa mikono yake mbele ya wote, kidole kwa kidole, akakung'uta, akapaka tena. Alimweleza mwalimu habari za gurudumu na reli, na mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kumsikiliza mtu, alisikiliza. Kisha baba akaninyanyua, akanitua mgongoni mwa mmoja wa wale sita, nyayo zangu zisiguse nyasi.

Asubuhi ile nilisimama mpaka kumi, na mwalimu akanirudishia nafasi yangu bila hotuba.

Mchana, wakubwa wakiwa chini ya turubai na wazazi wamejaa pembeni, baba alinipaka tena, nasi tukaupandisha mnara. Mchanga uliukwaruza mwili wa kijana wa Kuresoi. Niliusikia ukisaga ngozi yake nilipogeuza kisigino, nikanong'ona pole. "Afadhali ikwaruze kuliko iteleze," akanijibu kwa chini. Baadaye tuliona mabega yake yana michirizi myekundu kama aliyeparuliwa na paka. Mama alimpaka mafuta yale yale aliyonipaka mimi, na kumpakulia sahani ya mrenda aliyoila kwa adabu tu.

Nilinyoosha mikono. Kutoka pale juu niliona mabati ya landhi, moshi wa loko, na nyuma yake ziwa likiwa na ukingo wake mweupe. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa sauti na watu wakahesabu pamoja naye. Niliwaona wakinitazama uso, wakiitazama mikono yangu. Nilimtafuta baba nikampata mbele kabisa, kopo tupu kwapani, na yeye hakuwa akitazama uso wangu. Alikuwa akitazama miguu. Midomo yake ilihesabu polepole kuliko ya mwalimu.

Kumi ilipofika nilishuka, makofi yakiendelea, nikaenda moja kwa moja kwake. Hakunipongeza. Aliinama, akashika unyayo wangu kama fundi anavyoshika gurudumu lililosafiri mbali, akapitisha kiganja, akanionyesha. Kiganja kilikuwa na tope la mchanga na jasho.

"Imeloa," akasema.

Ilikuwa imeloa kweli, miguu yote miwili. Nilikuwa nimesimama hivyo hivyo.